Kiraka kimewekwa, mbona seva bado inalemewa?

SWALI: Assalaam alaykum. Tovuti ya nyumba yetu ya wageni hapa Wete inatumia nginx, programu ya seva inayohudumia kurasa. Nimeweka toleo jipya lenye kiraka (rekebisho la usalama) kwa sababu ya lile shambulio la 2023 kupitia HTTP/2, itifaki ya mawasiliano kati ya kivinjari na seva, nikamalizia na `nginx -s reload`. Bado inalemewa. Nimekosea wapi?
Msomaji, Pemba

JIBU: Waalaykumu salaam. Umekosea kwenye hiyo amri ya mwisho. Inasoma upya mipangilio tu. Mchakato mkuu uliomo kwenye kumbukumbu ni ule ule wa zamani. Wala `nginx -v` isikudanganye, inatazama faili la kwenye diski. Andika `sudo ls -l /proc/NAMBA/exe`, ukiweka namba ya mchakato mkuu. Ukiona "(deleted)" mwishoni, kiraka hakijaanza kazi. Pima mipangilio kwa `sudo nginx -t`. Ikikubali, `sudo systemctl restart nginx`.

Katika shambulio hilo, mshambuliaji hufungua ombi na kulifuta papo hapo, maelfu kwa maelfu, hivyo kikomo cha maombi ya pamoja hakifikiwi huku seva ikitaabika bure. Toleo la 1.25.3, Oktoba 2023, liliongeza uwezo wa kuwatambua watu hao. Acha `keepalive_requests` (kikomo cha maombi kwa muunganisho mmoja) kwenye 1000 na `http2_max_concurrent_streams` (kikomo cha maombi ya pamoja) kwenye 128, anayezipandisha anajitakia.

`limit_conn`, kikomo cha miunganisho kwa kila anwani, nayo usiibane mno. Kwenye HTTP/2 kila ombi linaloendelea huhesabiwa muunganisho mmoja, na wateja wengi wa simu hutokea anwani moja. Ukiweka 2, hata picha za vyumba hazitafunguka.