Utnapishtim si mhanga

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninafundisha historia sekondari, na ninawaandalia wanafunzi muhtasari wa visasili vya gharika vya Mesopotamia. Nimeandika: "Utnapishtim na mkewe ni wahanga wa mafuriko walionusurika kifo." Mwenzangu ofisini anasema sentensi ina kasoro, ila ameshindwa kuonyesha ilipo. Naomba msaada. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Kasoro iko kwenye "wahanga", na mwenzako ana sikio zuri. Neno hilo siliachi lipite. Kila masika, nyumba zikishaingia maji, taarifa ya habari haikosi "wahanga wa mafuriko", na watu waliokesha juu ya paa wanageuzwa sadaka.

Mhanga ni kafara: kinachotolewa, au mtu anayejitoa kwa ajili ya wenzake. Ndiyo maana tunasema kujitoa mhanga. Askari anayebaki nyuma ili wenziwe wavuke mto, huyo kajitoa mhanga. Mama aliyeamka usiku akakuta maji yamefika kitandani hakujitoa, wala hakuna aliyemtoa. Amevamiwa. Kumwita mhanga ni kusema kwamba hasara yake ilikuwa na faida kwa mtu fulani, na hilo ni kumdhulumu.

Kisasili ulichokichagua kinaonyesha tofauti hiyo kuliko mfano wowote ninaoujua. Kimo katika kibao cha udongo cha 11 cha utendi wa Gilgamesh, mfalme wa kale wa Mesopotamia (Iraki ya leo), kile ambacho George Smith, mtaalamu wa maandishi hayo ya kale, aliwasomea Waingereza mjini London mwaka 1872. Enlil, mkuu wa miungu, ameazimia kuwaangamiza watu kwa gharika, na miungu imekula kiapo cha siri. Ea, mungu wa hekima, anazunguka kiapo kwa kuusemesha ukuta wa matete, huku Utnapishtim akisikia: bomoa nyumba, unda chombo, acha mali, tafuta uhai.

Sasa tazama Shuruppak, mji wa Utnapishtim. Watu wakiuliza, Utnapishtim anawajibu maneno ya kuwalaghai, kwamba neema itawanyeshea. Basi wanakuja kumsaidia. Seremala analeta shoka, watoto wanabeba lami. Kila siku wanachinjiwa ng'ombe na kondoo, wanamiminiwa pombe, mafuta na divai kama maji ya mto, wanakula kama watu walio katika sikukuu. Siku ya mwisho Puzur-Amurri anauziba mlango wa chombo, na ujira wake ni jumba zima la Utnapishtim pamoja na mali iliyomo. Jumba ambalo muda si mrefu maji yatalifunika!

Je, mafundi hao ni wahanga? Kwa haraka utasema ndiyo, maana jasho lao ndilo lililowaokoa wengine. Lakini hawakujua. Anayejitoa mhanga anajua anachokitoa na anamtolea nani. Hao walidanganywa, wakalipwa, wakazama. Waite walioangamia, waite waliogharikishwa, na usiwavike ushujaa ambao msimulizi mwenyewe hakuwavika.

Kafara ya kweli inakuja baada ya maji kupungua. Chombo kimekwama mlima Nimush. Njiwa ametumwa akarudi, mbayuwayu akarudi, kunguru hakurudi. Utnapishtim anatoka, anatoa sadaka kileleni, na miungu iliyokuwa na njaa inanusa harufu na kumzunguka mtoa sadaka kama nzi. Katika masimulizi ya Kisumeri, ambako mtu huyo ni mfalme aitwaye Ziusudra, anachinja ng'ombe na kondoo. Ukitaka mhanga katika gharika hii, ni ng'ombe yule.

Utnapishtim na mkewe ni manusura. Neno lina asili ya Kiarabu, ndugu wa kunusuru na nusura, na halibadiliki katika wingi: manusura huyu, manusura hawa. Nimeshaona "wamanusura" kwenye magazeti, usilisogelee. Kwa waliopoteza nyumba na mazao wakabaki hai, andika waathiriwa. Wapo wanaoandika waathirika, nami sina nguvu ya kugombana nao tena, mradi wahanga waachwe.

Mafuriko nayo hapa ni madogo mno. Mto ukipita kingo zake, mashamba yakalowa, hayo ni mafuriko, na wakazi wa bonde la Tigris na Frati waliyazoea theluji ilipoyeyuka milimani. Maji ya siku sita na usiku saba, hata miungu yenyewe ikakimbilia juu mbinguni kwa Anu, mungu wa mbingu, na kujikunyata kama mbwa, hayo ni gharika.

Hiyo "walionusurika kifo" ningeikata hata kama ungekuwa unaandika habari ya ajali ya basi, kwa sababu kunusurika kunajitosheleza. Kwa wawili hawa inaharibu na kisa. Walipotoka kwenye chombo walikuwa bado watu wa kufa kama wewe na mimi. Enlil alipanda chomboni baadaye, akawapigisha magoti, akawagusa vipaji vya nyuso na kutamka kwamba tangu hapo watakuwa kama miungu, wakakae mbali kwenye vinywa vya mito. Huko ndiko Gilgamesh alikomfuata Utnapishtim kumwuliza alivyopata uhai huo. Kwa hiyo waandikie wanafunzi: "Utnapishtim na mkewe ni manusura wa gharika, ambao baadaye Enlil aliwapa uzima usio na mwisho."