Nani hasa aliyemchora Mickey Mouse?

Babu yangu anasema Walt Disney hakumchora Mickey Mouse. Ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

Babu yako yuko sahihi. Disney alitoa wazo, na kwa miaka mingi sauti ya Mickey ilikuwa yake, lakini aliyeshika kalamu ni Ub Iwerks, rafiki yake tangu Kansas City mwaka 1919. Mwaka 1928 Disney alimpoteza Oswald, sungura wa katuni aliyemwingizia riziki, kwa sababu haki zake zilikuwa za kampuni ya filamu ya Universal. Wachoraji wake wengi nao wakamhama. Iwerks akabaki, akaichora Plane Crazy, katuni ya kwanza ya Mickey kutengenezwa, karibu yote peke yake. Ndiyo maana panya yule ni maduara matupu: kichwa duara, masikio duara hata akigeuka upande, ili mkono uende haraka. Tazama maandishi ya mwanzo ya Steamboat Willie, iliyoonyeshwa New York Novemba 18, 1928: jina la Iwerks limo. Inaniuma kwamba watoto wanaobeba sura ya Mickey kwenye mabegi ya shule hawajawahi kulisikia.

Tom na Jerry ni wa nani? Na ule ukelele wa Tom akibanwa mkia ni wa nani? (Mama wa watoto wawili, Mombasa)

Ni wa William Hanna na Joseph Barbera, walioajiriwa na MGM, kampuni ya filamu ya Marekani. Barbera alichora na kubuni vituko; Hanna alipanga muda, picha 24 kwa kila sekunde, ajue kikaango kimfikie Tom usoni wakati gani. Ukelele huo ni wa Hanna mwenyewe! Katuni yao ya kwanza ilitoka 1940, Tom, yule paka, akiitwa Jasper, na majina ya Hanna na Barbera hayakuandikwa popote. Lililosomeka ni la prodyuza Rudolf Ising. Baadaye Tom na Jerry walishinda Oscar 7, ila mpokeaji akawa prodyuza, Fred Quimby. Kwangu hiyo ni dhuluma, hata kama ndio ulikuwa utaratibu wa wakati ule.

Popeye alianzia kwenye televisheni? (Msomaji, Kigoma)

Hapana, gazetini, Januari 1929, kwa mkono wa E. C. Segar. Ndugu wa familia ya Fleischer, watengenezaji wa katuni za sinema, walimwingiza kwenye sinema mwaka 1933. Mchumba wake Olive Oyl ndiye mwenyeji: alikuwemo kwenye katuni hiyo ya gazeti tangu 1919.