Kilti, sare ya jeshi na medali za babu

Ndugu yangu, umeuliza kama ni halali kuvaa kilti (sketi ya mikunjo ya wanaume wa Uskoti) pamoja na nakala ya koti la kijeshi ili kumuenzi babu yake baba yako, aliyepigana akiwa katika Gordon Highlanders, kikosi cha Kiskoti cha jeshi la Uingereza, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kilti haina tatizo, kwani kitambaa cha Gordon, kile cha kijani, buluu na nyeusi chenye mstari wa manjano, huvaliwa na raia pia. Shida iko kwenye koti: sheria ya Uingereza ya mwaka 1894 inamkataza asiye mwanajeshi kuvaa sare ya jeshi, au vazi linalofanana nayo, bila ruhusa, isipokuwa katika maigizo na maonyesho ya kijeshi. Katika maonyesho ya aina hiyo vaa sare kamili, pamoja na ile aproni ya kaki ambayo askari waliifunga juu ya kilti ili rangi zake zisimvute adui (wengi huisahau, nami huumia kuona hivyo). Katika kumbukumbu ya Novemba ya waliokufa vitani, hata hivyo, vaa koti la kiraia, na medali za babu huyo uzitundike kifuani upande wa kulia, kwa kuwa upande wa kushoto ni wa aliyetunukiwa mwenyewe.