Fundi wa Pevingi Anataka Fedha Zote Mapema

SWALI: Mhariri, fundi anayetaka kunitandikia pevingi, yaani tofali za zege za kutandika ardhini, kutoka getini hadi barazani anadai alipwe fedha zote kabla ya kuanza. Nimwamini? Msomaji, Uyole, Mbeya.

JIBU: Ndugu msomaji, usimlipe zote. Mwombe kwanza akuoneshe kazi yake iliyokwisha kupitia msimu mzima wa mvua, kwa kuwa mvua za Mbeya, zinazonyesha takribani kuanzia Novemba hadi Aprili, ndizo zinazofichua tabaka la chini lisiloshindiliwa vizuri. Kama halikushindiliwa, utaona pevingi zimedidimia pale yanapopita magurudumu. Pevingi mpya, bila shaka, hupendeza zote. Mkataba wa maandishi utaje unene wa tofali, milimita 60 zikitosha kwa gari dogo, pamoja na kina cha kifusi cha tabaka la chini, mwinamo wa kutiririsha maji na kingo za zege. Malipo yafuate hatua za kazi, na fungu la mwisho libaki mkononi mwako hadi mmwage maji pamoja na kuona kwamba hayatuami.