Kwa nini Kerala ina mawaziri 21?

Ndugu, umeuliza kwa nini baraza la mawaziri la jimbo la Kerala, India, liliishia watu 21 mwaka 2021. Ni katiba tu. Marekebisho ya 91 ya mwaka 2003 yanataka mawaziri wa jimbo wasizidi asilimia 15 ya wajumbe wa bunge lake. Kerala ina viti 140; piga hesabu, 21 kamili, na Waziri Kiongozi yumo humo humo (ndiyo, cheo kama kile cha Zanzibar kabla ya 2010). Jimbo dogo nalo lisishuke chini ya 12.

Pinarayi Vijayan, Waziri Kiongozi wa wakati huo, alizijaza nafasi zote 21. Mambo ya ndani, yaani polisi, akabaki nayo mwenyewe. Fedha akapewa K. N. Balagopal. Kelele zilikuwa kwenye afya: K. K. Shailaja, waziri wa afya aliyekuwepo, aliyesifiwa kwa kupambana na korona na kushinda kwa tofauti ya kura zaidi ya 60,000, akaachwa, akaingia Veena George, mwanahabari wa zamani. Eti chama chao cha Kikomunisti, CPI(M), kinataka sura mpya. Mawaziri wote wa awali wa chama hicho walipumzishwa, isipokuwa Vijayan mwenyewe!