Kwa mwalimu uliyekabidhiwa klabu ya sanaa Moshi

Mwalimu mwenzangu, karibu. Wiki ya kwanza wanafunzi watakuletea mabango. "Kataa dawa za kulevya", mkono na sindano, alama ya mkasi mwekundu juu yake. "Tutunze mazingira", mti na jua. Yabandike ukutani, usimvunje mtu moyo, ila ujue kwamba mtoto ameandika jibu alilolisikia paredi. Suala lenyewe bado hajaligusa. Ukitaka aliguse, usitaje mada kwanza. Mpe kitu cha kushika.

Mimi huanza na vifuniko vya chupa. Kila mmoja alete anavyookota njiani: vya soda, vya maji, vya pombe. (Mkuu wa shule apate taarifa mapema, maana hatakosekana mzazi wa kuuliza mwanawe anafanya nini na vifuniko vya pombe kali mfukoni.) Vimwageni mezani, wavipange wenyewe, nawe unyamaze. Watahesabu, watabishana. Mmoja atauliza, kwani viroba si vilipigwa marufuku? Ndiyo, Machi 2017, lakini kilichokatazwa ni vile vipakiti vya pombe kali. Pombe yenyewe haikwenda popote. Hapo mjadala unajiendesha: nani anakunywa asubuhi, nani anauza na kwa nini anauza, na mbege ya babu, pombe ya ndizi na ulezi yenye taratibu zake, inatofautianaje na hii ya dukani. Nimesikia hoja pale ambazo kwenye somo la Uraia hazijawahi kutoka.

Picha za El Anatsui zitoe baada ya hapo, siyo kabla, la sivyo watamwiga tu. Ni msanii Mghana aliyezaliwa mwaka 1944, akafundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka. Vifuniko vya chupa za pombe hupondwa, hukunjwa na kuunganishwa kwa waya wa shaba hadi vinakuwa pazia la kufunika ukuta mzima. Mwenyewe huhusisha malighafi hiyo na pombe ambayo wafanyabiashara wa Ulaya waliileta Afrika Magharibi enzi za biashara ya watumwa. Kidato cha pili wanaielewa hoja hiyo haraka, kwa kuwa vifuniko viko mikononi mwao. Projekta haina ulazima. Chapisha picha mbili kubwa za rangi steshenari.

Wa pili ni wa hapahapa, na walimu wengi hawamjui: Everlyn Nicodemus, mzaliwa wa Marangu, 1954. Alihamia Sweden mwaka 1973, akasoma anthropolojia. Miaka ya themanini alikaa na wanawake Denmark, Tanzania na India, akasikiliza maisha yao, ndipo akachora. Mwaka 2022 jumba la National Portrait Gallery la London lilinunua picha aliyojichora mwaka 1982, ikawa ya kwanza ya aina hiyo ya mwanamke mweusi kuingia kwenye mkusanyo wao. Wasichana wa Marangu na Kilema husisimka kusikia hayo, lakini wewe shikilia utaratibu wake wa kusikiliza kwanza. Watume soko la Memorial wakaongee na akina mama wa mitumba. Waamkie, waombe ruhusa, wasipige picha sura za watu, na wanunue hata soksi, kwa sababu muda wa mfanyabiashara ni hela.

Kuna wanaochora tembo na Kilimanjaro kwa staili ya Tingatinga, hasa wenye ndugu wanaouzia watalii Arusha. Usidharau. Muulize picha hiyo itanunuliwa na nani, na kwa nini haina bodaboda hata moja. Wengine hukaa na swali hilo muhula mzima.

La kuwa nalo makini kuliko yote: usimwagize mwanafunzi achore "tatizo la nyumbani kwenu". Atakayechora kipigo au ukeketaji bila kuagizwa, kazi yake usiitundike na usimhoji mbele ya wenzake. Kaa naye, kisha mshirikishe mwalimu wa malezi, na ikibidi ofisi ya ustawi wa jamii. Hapo sanaa inasubiri.

Siku ya wazazi utatamani kumweleza mgeni rasmi kila kazi. Mwache mwenye kazi asimame pale, aulizwe, ababaike kama ni kubabaika. Maelezo ya chini ya kazi yawe ya Kiswahili, sentensi mbili, kaandika mwenyewe.

Mengine ni ya vifaa. Gundi ya karatasi haishiki bati. Waya mwembamba wa shaba utaupata kwa mafundi wanaosuka mota. Mabaki huuza kwa bei ya kuelewana. Kutobolea ni msumari, nyundo na kipande cha ubao chini, na kingo za vifuniko zinakata, kwa hiyo plasta ziwe mezani kabla hamjaanza.