Makaa ya mawe si mafuta

SWALI: Nimesoma habari tatu kuhusu jiji la Krakow, Poland, lililokataza watu kuchoma makaa ya mawe majumbani. Moja imeandika "mkaa", nyingine "makaa", ya tatu "mafuta ya kisukuku". Ipi sahihi? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Zote zimekosea, ndugu yangu, ila makosa yao hayalingani.

Mbili za kwanza nazisamehe. Mkaa ni wa miti, hutoka porini kwa magunia. Makaa ya mawe huchimbwa ardhini, kama kule Kiwira na Ngaka, kwetu Tanzania. Kwenu Kenya "makaa" ndiyo hayohayo ya jikoni, wala siwakatazi. Mwandishi aongeze tu "ya mawe", msomaji asidhani jiko la mkaa limefika Poland.

Ya tatu ndiyo inayonichoma roho, miaka sasa: "mafuta ya kisukuku kama vile makaa ya mawe." Mafuta! Neno hili ni la Kibantu, Waganda wanasema amafuta, Wazulu amafutha, nasi tunalijua tangu utotoni. Kuna ya nazi, ya alizeti, ya taa, ya kondoo. Mafuta hupakwa, humwagika, huteleza. Hata yakiganda, ukiyatia motoni yanayeyuka. Makaa ya mawe ukiyatia motoni unabaki na majivu. Mtume mtoto dukani akalete mafuta, akirudi na gunia la mawe meusi kichwani utamuuliza nini? Mwandishi ameliona neno la Kiingereza "fuel", linalobeba kila kitu kinachochomwa, akakumbuka kituo cha mafuta cha barabarani, akaona kazi imekwisha.

Lau ingekuwa sura mbaya tu, ningenyamaza. Lakini tazama lilivyopotosha habari yenyewe. Katazo la Krakow, lililoanza 1 Septemba 2019, limezuia makaa ya mawe na kuni pia, kwa sababu ya moshi ambao watu wanauvuta. Gesi asilia imeruhusiwa. Sasa kisukuku ni mabaki ya viumbe wa kale sana yaliyozikwa ardhini: gesi imo, kuni hazimo. Kwa hiyo neno lile limekataza kilichoruhusiwa na kuruhusu kilichokatazwa.

Na mjadala huu tunao hapa Tanzania, jikoni kwetu. Mkakati wa taifa wa 2024 unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi, na gesi ya mitungi ni miongoni mwake. Gesi hiyo ni ya kisukuku, mkaa si wa kisukuku. Mama wa Morogoro akihimizwa aachane na "mafuta ya kisukuku", akifuata neno kisukuku atatupa mtungi abaki na mkaa. Akifuata neno mafuta atamwaga ya taa, basi. Moshi uleule utaendelea kumkausha kifua.

Andikeni "nishati ya kisukuku". Nishati tumeipata kwa Waarabu, kwao ni uchangamfu. Walimu wa fizikia watanung'unika kwamba nishati ni ile inayotoka ndani ya makaa, si makaa yenyewe. Wana haki, nami nakubali shingo upande kwa kuwa wengi wamekwisha kulizoea. Anayependa "fueli" simzuii. Ila habari ya Krakow haihitaji hata moja kati ya hayo: ni "makaa ya mawe na kuni".